Uzi wa Nane

Panya hawana adabu, na panya wa Ekerenyo wamezidi. Wana mahindi darini, wana viazi vitamu shambani, wana ndizi zinazoivia chini ya kitanda, na bado walipanda ukutani nyumbani kwa mzee Nyangau wakala muziki. Naam, muziki! Obokano yake kubwa ya nyuzi nane ilikuwa imening'inia kwenye msumari sebuleni tangu alipomzika mkewe, Nyamoita, na nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mbuzi. Utumbo hata ukikauka ni nyama tu. Panya waliutafuna uzi mmoja baada ya mwingine, kikabaki kipande cha urefu wa kidole kwenye ule mti wa juu ambao nyuzi hufungiwa.

Aliyegundua ni Nyanchera, binti yake, mwalimu wa kemia katika shule ya kutwa iliyo bondeni. Alikuwa ameishusha obokano aifute vumbi, kwa sababu mwezi uleule alikuwa anaolewa, na kwao bibi harusi hatoki nyumbani kimyakimya kama anayekwenda kisimani. Nyangau ndiye aliyewapigia wasichana wote wa mlima ule, kuanzia mlangoni hadi kwenye lango. Aliwapigia mabinti zake wakubwa, akawapigia wa ndugu zake, akampigia hata binti wa jirani ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka. Sasa zamu ilikuwa ya kitinda mimba wake.

"Tata," akaita, maana hivyo ndivyo Wakisii wamwitavyo baba. "Njoo uone kazi ya panya."

Nyangau alikuja akiwa na kisu cha kukatia nyasi mkononi. Akaitazama obokano, akaupapasa ule mti mtupu. Nyanchera alitarajia apige kelele. Badala yake mzee alishusha pumzi ndefu, kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa.

"Basi," akasema. "Mungu mwenyewe ameamua. Magari yatakupigia honi, inatosha."

Hapo ndipo Nyanchera alipokasirika kwelikweli. Hakuwakasirikia panya, alimkasirikia baba yake kwa ile pumzi.

Ukweli ni kwamba Nyangau hakuwahi kupiga obokano peke yake. Alikuwa anapiga yeye, na Nyamoita anakaza. Mlima ule ni wa mvua na ukungu, na utumbo ukipata unyevu hulegea, sauti ikaanguka katikati ya wimbo. Kwa hiyo Nyamoita aliketi kando yake kwenye kigoda chake, mkono kwenye mti wa juu, sikio limetegwa. Uzi ukianguka, anakizungusha kidogo tu kile kitambaa kinachoushika mtini, nao unapanda, na mumewe hakosi hata pigo moja. Watu walizoea kusema kwamba obokano ile ina wapigaji wawili. Siku ya mazishi Nyangau aliitundika ukutani akasema mkono wa pili umekwenda, na wa kwanza nao upumzike. Toka hapo nyumba ile ikawa kimya. Mzee alikuwa anakula, anachuma majani chai, anakwenda misa, anarudi, analala.

Nyanchera alijua jambo moja, na lilimnyima raha kuliko mambo ya gauni na keki. Baba yake asipopiga siku hiyo, hatapiga tena maishani. Na yeye akishaondoka, mzee atabaki peke yake na kile kimya. Alitaka ampigie. Wimbo mmoja tu, hata ukiwa mbovu.

Walianza na njia ya wazee. Mbuzi akachinjwa, utumbo ukaoshwa, ukasokotwa, ukaanikwa. Ulihitaji jua, na jua la Nyamira wakati ule wa mwaka ni mgeni: hufika asubuhi, hunywa chai, na kabla ya saa nane limeshaaga. Mvua ilinyesha kila alasiri. Utumbo haukukauka, ulianza kunuka, na nzi wa Ekerenyo yote wakapata habari. Mwishowe ukatupiwa mbwa. Nyangau hakujisumbua hata kuificha furaha yake.

Kama hiyo haitoshi, akaja shangazi Tryphosa, dada yake Nyangau, Msabato asiyetania na Sabato yake.

"Ndugu yangu," akasema hata kabla ya kuketi, "wale watu wanaokuja kumchukua mtoto wanatoka Nyanchwa. Nyanchwa! Mlima mzima ni kanisa na shule. Utawapigia hicho chombo cha walevi?"

"Mwambie binti yako huyu," Nyangau akajibu. "Mimi sina hata uzi."

Tryphosa alisahau kutaja kwamba siku ya harusi yake mwenyewe alicheza kwa obokano hiyohiyo mpaka kiatu kikakatika. Watu husahau mengi wakishapata cheo kanisani.

Jumapili Nyanchera alipanda boda akaenda Keroka kwa Okoth.

Okoth aliuza samaki pale Keroka, na nduguye aliyebaki ziwani alimletea nyavu na nyuzi za kuvulia. Yeye na Nyangau walikuwa marafiki wa miaka mingi, urafiki wa kubishana. Baba yake Okoth alikuwa mpiga nyatiti, kinanda cha Wajaluo, na nyatiti nayo ina nyuzi nane. Basi wazee hawa wawili hawakukutana hata mara moja bila kuuliza nani alimwiga mwenzake. Okoth aliposikia habari ya panya, alicheka mpaka akashika meza ya samaki.

"Haki panya wa kwenu wana akili! Mwambie huyo omogaka, huyo mzee wenu, sisi tuliacha matumbo zamani. Matumbo tunakula. Nyatiti siku hizi ni nailoni." Akaingia ndani, akatoka na kibunda cha uzi mweupe unaong'aa. "Chukua chote. Hiyo ni zawadi yangu ya harusi. Lakini sikia, Mwalimu. Usifunge ikiwa mpya. Uzi mpya ni mwongo. Unakaza leo, kesho umelegea. Tundika kwanza na kitu kizito, uache mpaka uchoke kurefuka."

"Najua sababu yake," Nyanchera akasema.

"Sababu kaa nayo wewe. Mimi nakwambia kutundika."

Nyangau alipokiona kile kibunda alikataa katakata.

"Mimi nipige plastiki? Si heri nipige beseni!"

Ilikuwa jioni, wamekaa jikoni penye moto. Mzee alichukua kile kipande cha utumbo kilichosalia, akakitupa kwenye makaa. Kikajikunja, kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, kikawa jivu jeusi. Kisha akakata kipande cha nailoni akakitupa pia. Hicho kikayeyuka, kikadondoka tone.

"Umeona?" akasema. "Wangu umeungua kiume. Wako umelia machozi."

Nyanchera alicheka bila kutaka. Kemia alikuwa anaifundisha kwa Kiingereza cha vitabu, na mbele ya baba yake alilazimika kuyatafuta maneno ya nyumbani moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Akainuka, akaenda sebuleni, akarudi na rozari ya mama yake, ile iliyoning'inia kwenye msumari wake karibu na obokano.

"Shika hii, Tata. Tuseme hii ni uzi wako wa mbuzi. Ungeweza kuutazama ndani kabisa, pale jicho lisipofika, ungekuta mnyororo. Shanga imeshika shanga, maelfu kwa maelfu. Nailoni nayo ni mnyororo. Wataalamu huita polima, kitu kimoja kidogo kinachorudiwa na kurudiwa."

"Mnyororo ni mnyororo. Hata wa mbwa ni mnyororo."

"Ngoja basi. Shanga za mbuzi ni za namna nyingi, kubwa kwa ndogo, zimepangwa kwa mpango wake. Za nailoni ni namna mbili tu, zinapokezana, hii, ile, hii, ile. Lakini tazama hiki kipete kinachoshika shanga kwa shanga." Akakigusa. "Kipete ni kilekile. Kwa mbuzi na kwa nailoni, kiungo ni kimoja. Si beseni hiyo. Beseni ina viungo vingine. Huyu wako na huyu wa Okoth ni binamu."

Nyangau aliishika rozari, akaipitisha vidoleni polepole. Palikuwa na mahali ambapo Nyamoita aliwahi kuifunga kwa waya baada ya kukatika. Kidole chake kikasimama pale.

"Kipete hicho kiko kwa mbuzi tu?"

"Kiko kwa mtu pia. Kwenye ngozi, kucha, nywele, misuli. Wote tumeshikwa nacho."

"Hata mama yako."

"Hata mama."

Mzee aliugeuzia moto uso wake. Nyanchera alitamani kumkumbatia, lakini kwao watu hawakumbatiani ovyo, kwa hiyo akasukuma kuni. Baadaye Nyangau akaikunja rozari kiganjani, akakohoa.

"Haya, lete hiyo kamba ya samaki."

Walikata nyuzi nane, wakazitundika kwenye boriti ya banda la ng'ombe. Vizito ilibidi viokotwe popote: madumu ya maji, jembe lililovunjika mpini, na yale mawe mawili ambayo Nyamoita alikuwa akisagia wimbi. Nyanchera aliipaka kila ncha alama ya mkaa, ili waone uzi unarefuka kiasi gani. Kile kibunda kilichobaki alikitundika sebuleni kwenye msumari wa rozari.

"Sasa hivi minyororo yake imelala ovyo ovyo humo ndani," akamweleza baba yake, "kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka. Uzito unaichana. Ikishanyooka yote upande mmoja, haina tena pa kurefukia. Ndipo uzi unakuwa na nguvu na unatulia."

"Hiyo ni kusuka tu," Nyangau akasema. "Huwezi kusuka kabla ya kuchana. Umesomea chuo kikuu jambo ambalo mama yako alikufanyia kila Jumapili ukilia."

Ajabu, mzee akaanza kulizoea lile banda. Nyanchera akirudi kutoka shuleni alimkuta pale, amesimama kati ya nyuzi kama anayekagua matiti ya ng'ombe. Mzee alimwambia dumu la tatu limeshuka, jiwe la kwanza limetulia. Siku moja alimkuta anaukwanyua uzi kwa kidole gumba, uzi unanguruma, na ng'ombe amegeuza masikio. Mzee akajifanya anafukuza nzi. Nyanchera naye akajifanya hakuona, akaingia ndani akalia kidogo kwa furaha.

Usiku wa kuamkia siku ya kuzifunga, wakila ugali na mboga ya chinsaga, Nyangau akasema, "Nitapiga. Lakini jua kwamba sina wa kunikazia."

Nyanchera alikuwa amelisubiri neno hilo la kwanza kwa muda mrefu, na furaha ikamfanya alipite la pili haraka.

"Hapo usijali kabisa, Tata. Hizi si kama zile za zamani. Tumezitundika zikatulia. Utapiga mpaka jioni, hazihitaji mtu."

"Hazihitaji mtu?"

"Hata mmoja."

"Aha," mzee akasema, akaendelea kula.

Kesho yake walikaa barazani na obokano katikati yao. Nyangau alikuwa anafunga, Nyanchera anashika. Shida ikaanzia kwenye daraja, kile kijiti kilichokaa juu ya ngozi ya obokano, ambacho nyuzi zote hupitia. Kila mzee alipokaza, nailoni iling'ang'ania kwenye pengele, ule mkato mdogo inamopita, kisha ikaruka, tak! Sauti ikaruka nayo.

Nyanchera akatoa penseli kwenye nywele zake, maana walimu huweka penseli popote, akaisugua ndani ya mapengele mpaka yakawa meusi. Uzi ukapita laini.

"Uchawi gani huo?"

"Kaboni. Ile ile ya almasi."

"Almasi? Ile inayokata kioo?"

"Hiyohiyo. Kwenye almasi kila chembe imeshikwa na wenzake pande nne, na hao wameshikwa vivyo hivyo, jiwe zima ni mshikamano mmoja mkubwa. Huwezi kumtoa hata mmoja. Kwenye penseli zimeshikana kwa tabaka. Tabaka lenyewe ni imara, lakini tabaka na tabaka hazijashikana sana, zinateleza. Kama chapati kwenye sahani."

"Watu wa tumbo moja," Nyangau akasema, "mmoja almasi, mmoja chapati. Kama mimi na Tryphosa." Hakusema nani ni nani.

Akainuka kwenda kumtazama ng'ombe. Na hapo mwalimu wetu, akiwa amesifiwa, akapatwa na ile bidii inayowaharibia watu kazi. Aliona kwamba kama penseli imesaidia chini, itasaidia na juu, baba asipate taabu ya kuzungusha. Akaupaka mti wa juu wote, kutoka mkono mmoja wa obokano hadi mwingine, pale ambapo vitambaa vya nyuzi hushikilia.

Nyangau akarudi, akaketi, akakaza uzi wa kwanza. Ukateleza. Akakaza wa pili, wa kwanza ukalegea zaidi. Halafu zote, brrrrr, zikaachia kwa pamoja, zikalala juu ya ngozi kama tambi. Mzee aliutazama mti uliong'aa kwa weusi, akatazama vidole vya binti yake, navyo vyeusi.

Akacheka. Alianza kwa mabega, kikapanda kicheko, akaiweka obokano chini ili asije akaivunja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nyanchera hakuwa amekisikia kicheko kile tangu mazishi. Alikuwa ameshasahau kwamba huishia kwa kikohozi.

"Mwalimu! Ee Mwalimu! Chini kunataka kuteleza, juu kunataka kushika! Umepaka mafuta mlango, ukapaka na kufuli!"

"Nisamehe, Tata."

"Nikusamehe nini? Lete jivu na kitambaa." Wakausugua mti kwa jivu mpaka ukakauka. Kisha mzee akampungia mkono. "Sasa toka hapa kabla hujampaka na ng'ombe. Nitazifunga mwenyewe."

Nyanchera akaenda kuonyeshwa kitambaa cha kichwa na Shangazi. Alipopita sebuleni jioni aliona kibunda cha nailoni kimepungua kidogo kwenye msumari. Akadhani mzee alifungia kitu.

Siku ya harusi mvua ilijizuia. Magari kutoka Nyanchwa yalipanda mlima asubuhi, yana riboni, yakajipanga nje ya lango, injini zinanguruma. Jasper, bwana harusi, muuguzi mpole mwenye masikio makubwa, alibaki pale langoni kama desturi inavyotaka, akijipangusa jasho. Okoth alikuwa amefika kutoka Keroka na koti lake la kanisani. Tryphosa alisimama mbele ya kila mtu, mikono kifuani, kama askari anayelinda benki.

Nyanchera akatoka mlangoni na gauni lake jeupe. Nyangau alikuwa ameketi uani, obokano mbele yake. Kando yake, alikiona mara moja, palikuwa na kigoda cha Nyamoita. Kitupu. Kimefutwa vumbi.

Mzee akaanza.

Wasioijua obokano hudhani itakuwa na sauti ya gitaa. Sauti yake hutoka chini, nzito, kama inapita kwenye udongo kabla ya kufika sikioni. Nyanchera aliisikia kwenye nyayo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja wa wazee wa Nyanchwa akavua kofia, na Tryphosa, yeye aliyekuja kulinda, alionekana kiatu chake kinagonga ardhi taratibu. Nyanchera alitembea na machozi yakimchafua vipodozi, wala hakuyajali. Alikuwa amepata alichokitaka. Baba yake alikuwa anapiga.

Alipofika katikati ya uwanja, uzi mmoja ukaanguka.

Ulikuwa wa nane, ule wa sauti nyembamba. Kwanza ulishuka kidogo, kama mtu anayepiga miayo. Mzunguko uliofuata ukashuka zaidi. Wageni hawakuelewa, ila nyuso zao zilikunjana. Nyanchera alielewa, na akashangaa kuliko wote. Haiwezekani! Nyuzi zile zilitundikwa pamoja, zikatulia pamoja. Saba zinasimama imara, huu mmoja unalegea kwa nini? Akaendelea kutembea. Nyangau naye akaendelea kupiga, na kila wimbo ulipozunguka, pale pale palianguka.

"Omogaka, kaza!" Okoth akapaza sauti. "Kaza, bwana, unatuaibisha mbele ya watu!"

Mzee hakuinua mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye nyuzi, na macho yake ameyainamisha.

Nyanchera akasimama. Lango lilikuwa pale, Jasper ameshanyoosha mkono. Akageuka.

"We!" Tryphosa akasema. "Bibi harusi harudi nyuma!"

Alirudi. Alilishika gauni kwa mikono miwili, akaupita ule uwanja wenye tope, akaketi kwenye kigoda cha mama yake. Akauweka mkono kwenye mti wa juu. Akasikiliza kama alivyokuwa akimwona mama akisikiliza, kichwa kimeinama upande, akakizungusha kitambaa cha uzi wa nane, kidogo tu. Sauti ikapanda ikakaa mahali pake. Watu wakashangilia. Haukupita mzunguko wa pili ikaanza kushuka tena, akazungusha tena.

Hapo ndipo alipouona kwa karibu. Nyuzi saba zilikuwa na alama ya mkaa karibu na ncha. Wa nane haukuwa na alama yoyote. Ulikuwa mpya, unang'aa, kama ulivyokuwa kwenye kibunda cha Okoth. Akakumbuka kile kibunda kilichopungua.

"Tata," akasema kwa sauti ya chini. "Huu hatukuutundika."

"Ndiyo," Nyangau akasema, hakukosa pigo. "Ule mwingine niliutoa. Nikakata huu."

"Ulijua utalegea."

"Si wewe uliyenifundisha?"

Nyanchera alitaka kuuliza kwa nini, na kabla hajafungua mdomo akajua. Alijisikia tena akisema kwa furaha, ugali mkononi, hazihitaji mtu. Hata mmoja. Moyo ukamuuma sana kwa lile neno, na hapo hapo ukajaa upendo.

"Utaendelea kulegea mpaka lini?" mzee akauliza. Bado hakumtazama. "Wewe ndiye mwalimu."

Nyanchera alijua jibu. Uzi mmoja, kwenye obokano, hutulia baada ya wiki chache, mvua ikiwepo na ikikosekana. Alijua vilevile kwamba mzee alijua. Mzee alishinda bandani siku zote zile akitazama madumu yakishuka na kutulia.

"Muda mrefu, Tata," akasema. "Uzi kama huu hauna haraka."

"Basi utakuja kuukaza."

"Nitakuja."

"Usije na penseli."

Alicheka huku analia, akakizungusha kitambaa mara nyingine. Kule langoni Jasper aliwapungia madereva mkono, wakazima injini zote, na Nyangau akaupiga wimbo wa binti yake kuanzia mwanzo.